Nyasi Ndefu za Kadi Mpya

Jumatatu, 3 Machi

Kadi ya grafiki imefika! Nzito kama tofali, feni mbili, inang'aa. Mke wangu akauliza ina kazi gani. Nikamweleza: inaichorea kompyuta picha za gemu, fremu baada ya fremu, zisikwamekwame. Akauliza kama inajua kukunja nguo. Wivu tu.

Jumapili napambana na shemeji, kaka yake, sebuleni kwetu, mama mkwe akishuhudia. Gemu ya kuwindana msituni. Atakayeshindwa atamwita mwenzake "Mwalimu" mwaka mzima. Kompyuta ya shemeji kuukuu, ukiiwasha inakohoa. Namhurumia!

Jumanne, 4 Machi

Majaribio. Mpangilio wa ubora wa picha wa chini kabisa: fremu mia na arobaini kwa sekunde! Gemu inateleza kama sabuni. Lakini msitu uko wapi? Miti vijiti, ardhi kipara. Mpangilio wa kati: fremu tisini, na nyasi za kufika kifundoni. Nikazima vivuli, fremu zikapanda. Nikawasha maji yanayoakisi mawingu, zikaporomoka. Kwa nini maji yailemee kadi kuliko mlima? Nililitazama lile dimbwi mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 6 Machi

Mpangilio wa juu kabisa. Fremu arobaini. Kadi inanguruma, imechemka. Nikachukua feni ya chumbani, nikaielekeza kwenye kompyuta. Fremu zikaongezeka! Sayansi hiyo. Mke akaja jasho likimtiririka, akataka feni yake. Nikamwambia kadi ni mgeni. Akajibu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Lakini nyasi! Zinafika kifuani, zinayumba kwa upepo. Nikajilaza humo. Hata mimi sikujiona! Mpango umepatikana.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja, tukaunganisha mashine kwa waya. Akakiri yake haiwezi zaidi ya mpangilio wa chini. Nikampa pole, huku moyo ukicheza ngoma.

Nikajilaza kwenye nyasi nene, kimya, nikimvizia. Paa! Nimekufa. Nikahamia kichaka kingine. Paa! Mara ya tatu, mama mkwe, aliyekaa nyuma ya shemeji, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona umelala uwanjani? Unaumwa?"

Nikainuka, nikachungulia skrini ya shemeji. Jani hata moja hakuna! Mimi nipo peupe, nimejinyoosha kama mkeka ulioanikwa. Mke alicheka akishikilia ukuta.

Nikanong'ona, "Hongera, Mwalimu." Mama mkwe akasema hakusikia vizuri. Nikarudia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari kwa kina. Mke anadai dawa ni rahisi: nishushe mipangilio, niione ardhi kama kaka yake anavyoiona. Utaalamu huu haujui. Kosa nimeligundua mwenyewe: nyasi zangu zilikuwa fupi! Ipo kadi kubwa zaidi, ya feni tatu, inayochora nyasi za kumpita mtu kimo. Nimekwisha kuiagiza. Safari hii shemeji atanitafuta mpaka achoke.