Makoti Manane Yaliyogoma Kuvuliwa Jukwaani

Kwa mteja wangu mpendwa, Msanii Radi,

Salamu kwako, na pole kwa sauti iliyokauka. Mimi ndiye fundi wako wa nguo, yule wa duka lenye mlango wa bluu. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nina hasira.

Jumamosi, wimbo wa mwisho ulipokwisha, ulishika kipaza sauti ukauambia uwanja mzima kwamba fundi amekuangusha. Mwanangu, umenivua nguo mbele ya watu, na wanenguaji wako wote wamevaa! Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliniagiza makoti manane niyapige bandi tu, nyuzi mbili tatu za kushikiza, ili kwenye wimbo wa mwisho yavutwe mara moja yaanguke, nguo za dhahabu zionekane. Miaka thelathini na moja nafundisha watu kwamba mshono unaoachia ni aibu. Nikashona mara mbili. Hata wewe ungelelewa na mama yangu usingeweza kufanya vingine.

2. Wanenguaji walivuta wee, wapi! Wakavutana wawili wawili, mguu kifuani, wakizunguka jukwaa zima huku mpiga ngoma akirudia kipande kilekile mara kumi na tisa, akisubiri walau koti moja lianguke. Hakikudondoka hata kifungo. Watu walishangilia mpaka wakapanda juu ya viti. Hiyo ni kazi yangu, si yako.

3. Sasa mtindo huo wa kuvutana makoti unachezwa kila mahali. Mume wangu na kaka yake wameucheza sebuleni, wamenivunjia meza. Sifa kapewa mwalimu wa wanenguaji, lawama nimeachiwa mimi. Tangu Jumatatu mabibi harusi wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao bila hata kuniangalia usoni. Inaniuma, siwezi kuficha.

4. Kwa hiyo kwenye onyesho la leo jioni uwatangazie watu kwamba mshono wa fundi wako haujawahi kuachia wala hautaachia. Kisha niwekewe cherehani jukwaani, kati ya gitaa na ngoma, nitajwe pamoja na bendi. Ukikataa, nitawashona nyote pamoja kama shuka.

Nisalimie mama yako, bendi nzima, na yule mnenguaji mrefu, mbavu zake zikipona.

Wako mwenye uzi mwingi na subira kidogo,
Fundi wa mlango wa bluu

Tanbihi: Ukilivaa hili koti jeupe ninalokuletea pamoja na barua, tafadhali usinyanyue mikono. Upande wa kushoto nimeushikiza kwa pini. Muda wa kuushona ulimalizikia kwenye barua hii.