Kofia Juu, Mkia wa Mbweha

Jumatatu, 7 Aprili 1986
Nimeupata mchezo wa kutuokoa! Nilikuwa namenya viazi, ukanijia mzima mzima. Nimeuita Mkia wa Mbweha. Watu wanane wanakimbia kushoto huku wakipiga kelele, mpira unakwenda kulia kwa pasi tano za harakaharaka. Yorkshire nzima hakuna atakayeuzuia.

Jumamosi ni mechi ya mwisho ya msimu. Sare tu inatutosha kubaki daraja letu. Tukifungwa tunashuka, na wakubwa wameshasema: tukishuka, klabu inavunjwa, tunamezwa na wale wa ng'ambo ya reli. Mgodi wa makaa walishaufunga mwaka jana. Hapa Garside Moor kilichobaki ni timu ya raga na foleni ya posho ya wasio na kazi.

Maureen ameuliza kwa nini viazi vyake kumi na vitatu vimepangwa mezani. Mke wangu hana jicho la mbinu.

Jumanne, 8 Aprili
Mazoezi. Pasi ya nne imeanguka matopeni mara tisa. Tumejaribu mara tisa.

Hepworth, msaidizi wangu, aliyezaliwa amenuna, kanisuta mbele ya watu: "Desmond bwana, ukiangushwa mara sita mpira si wako tena. Mara tano songa mbele, kabla ya ya sita piga teke. Mikia ya nini?" Wivu huo! Nikamtuma akachemshe chai. Chai ilikuwa nzuri sana, na hilo ndilo lililoniudhi.

Alhamisi, 10 Aprili
Ivy Thackray kanisimamisha nje ya duka la samaki na chipsi. Mumewe, Ernest, ndiye nguzo yetu ya mstari wa mbele. Anasema tangu mgodi ufungwe Ernest hatoki ila kwa mazoezi na mechi. Siku nyingine zote anakaa gizani, mapazia yameshushwa, hata ndevu hanyoi. "Kocha, hii timu ikifa, mimi ni mjane mume yu hai."

Roho iliniuma, wallahi. Nikamwahidi haitakufa. Kisha nikamchorea Mkia kwenye karatasi ya chipsi. Hakuutazama.

Jioni tumekubaliana ishara na wachezaji: nikiinua kofia yangu, ni Mkia.

Jumamosi, 12 Aprili
Nayaandika kama yalivyokuwa.

Kumi kwa kumi. Nusu dakika imebaki. Mpira wetu, karibu kabisa na mstari wao, tumeshaangushwa mara tano. Nahodha Lumb amesimama mbele ya milingoti, tayari kupiga teke. Likipita, pointi moja, tumeshinda. Likikosa, sare, tumepona. Hata mbuzi angejua la kufanya.

Hepworth kanishika kiwiko. Kasema tafadhali, Desmond. Miaka kumi na moja hajawahi kuniambia tafadhali.

Lakini kulia kulikuwa wazi! Wazi kabisa! Nikainua kofia.

Lumb alinitazama. Aliwahi kuwa askari, amri kwake ni amri. Pasi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikadakwa na winga wao, akakimbia nayo uwanja mzima. Ernest alimfukuza. Kilo mia na kumi, peke yake, mpaka mwisho. Alianguka pale pale winga alipouweka mpira chini nyuma ya mstari wetu, pointi nne kwao, na filimbi ilipolia alikuwa bado hajainuka.

Hakuna aliyenitukana. Bora wangenitukana.

Jumanne, 15 Aprili
Barua imekuja, mistari mitatu. Klabu basi tena. Hepworth kachukuliwa ng'ambo ya reli. Ni ile chai yake, si kingine.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku yetu ya mazoezi. Nikapita kwa Ernest. Mapazia yameshushwa. Ivy kafungua mlango kidogo, akasema tangu Jumamosi hagusi chakula wala hasemi. Ivy mwenyewe macho yamemvimba. Nikamwambia pole, mama. Akanifungia.

Nikainama kwenye tundu la barua mlangoni, nikamwita: Ernest, mzee wangu, kosa letu nimeliona. Nikamwambia tatizo ni zile pasi tano, zilikuwa chache. Nikapenyeza mchoro mpya ndani. Huu una pasi sita.

Nimengoja kizingitini nusu saa nzima nisikie anauonaje.