Fidla ya Colm na Nyongeza ya Upweke

Siku ya Ijumaa, wajane wa Ennis, mji wetu mdogo huku Ireland, wanapopanga foleni posta kuchukua pensheni, Malachy Tubridy husimama kati yao akijifanya anachagua stempu. Anachochagua ni watu. Ijumaa moja aliwasikia wakinong'ona kwamba wakaguzi wanapita majumbani, kuhakikisha anayelipwa nyongeza ya kuishi peke yake anaishi peke yake kweli. Malachy akaondoka bila stempu.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwangu, tai shingoni, faili kwapani. Sheria, alisema kwa huruma, inaangalia vitu. Koti la kiume kwa mjane, kofia ya kike kwa mgane, maana yake kuna mtu wa pili humo ndani. Yeye angevihifadhi mpaka ukaguzi upite. Masharti hayasemi hivyo hata kidogo. Yanauliza unaishi na nani, basi. Lakini nani kati yetu aliwahi kuyasoma? Bahasha ya serikali ikija tunaisukuma nyuma ya saa na kujifanya hatujaiona. Mimi, mwalimu mstaafu, nilimpa cherehani ya marehemu mke wangu, nikamsaidia kuibeba hadi garini, na nikamshukuru.

Kutoka kwangu alikwenda kwa Dympna Considine. Huko alitaka fidla ya marehemu mumewe, Colm, iliyotundikwa ukutani na yenye bei ya kumtoa mtu jasho. Dympna huipangusa kila Jumapili na kuipa habari za mtaa.

"Hiyo, mama, ndiyo itakayokuponza," Malachy alisema. "Unaipiga?"

"Sijui hata inashikwaje."

"Basi mkaguzi atauliza nani anaipiga. Nyongeza itakwenda hivyo."

Nyongeza ile ndiyo inayomnunulia Dympna makaa ya mawe wakati wa baridi. Aliitazama fidla, akamtazama mgeni.

"Kaa kwanza unywe chai."

Malachy alikataa mara mbili, kama adabu ya kwetu inavyotaka, na mara ya tatu akakaa. Dympna akatundika koti lake lililolowa, akaweka viatu vyake mbele ya moto, akampa slipa za Colm. Kisha akasema maziwa yamekwisha, akatoka kuomba kwa jirani.

Alirudi na mwanamke mwenye miwani na kalamu.

"Mkaguzi huyo," Dympna alisema kwa unyonge. "Nimekutana naye getini."

Mwanamke alitazama koti, viatu, slipa. Akachungulia gari dirishani: makoti, mabuti, nyembe, cherehani.

"Unahamia leo, bwana, au umeshahamia?"

"Mimi mgeni tu."

"Mgeni na slipa? Na wewe pia unalipwa nyongeza ya kuishi peke yako?"

Malachy alikuwa akilipwa, kama mgane, ingawa mkewe yuko mjini Galway mzima wa afya.

"Vitu si vyangu," alisema haraka.

"Vya nani?"

"Vya watu. Nawahifadhia."

"Basi viingize humu, wenyewe waje kuvichukua. Ukibaki navyo nitaandika kwamba umehamia."

Malachy akavibeba vyote hadi ndani kwenye mvua, kwa slipa, akarukia gari na kutokomea bila koti wala viatu.

Mkaguzi akavua miwani. Alikuwa Attracta wa nyumba ya pili, ambaye kila Krismasi huigiza Herode kanisani na kutisha watoto.

Nilipofuata cherehani yangu nilimuuliza Dympna alijuaje kuwa yule ni tapeli.

"Mkaguzi wa kweli alikuja juma lililopita," alisema. "Aliiona fidla, akaomba aipige. Nililia, mwalimu. Sikuwa nimeisikia tangu Colm afe. Halafu akaniambia niko sawa, nyongeza ni yangu."

Nilirudi nyumbani, nikatoa bahasha nyuma ya saa, nikasoma masharti yote. Nikayarudia mara ya pili, nikitafuta panaposema mgane aende kwa mjane kunywa chai mara ngapi kwa juma. Hapana mahali panaposema. Kwa hiyo huwa nakwenda kila siku, na slipa zangu nimeziacha nyumbani.