Uzinduzi wa Mtambo wa Kukausha Taka kwa Joto Lake Lenyewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Usafi. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati hiyo. Akina mama wa mboga, akina baba wa matunda. Itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi ya kamati.)

Ndugu zangu, mnajua, na pua zenu zinajua zaidi, kwamba taka za soko hili zimelala langoni wiki ya tano, kwa kuwa mwenye lori amekataa kubeba uchafu unaochuruzika maji, na bwana afya ametupa siku kumi kabla hajatufungia soko. Ofisi yangu haikulala. Ilikaa vikao kumi na tisa, ikashirikisha mastekiholda wote, hususan wa chai, ikaibuka na fremuweki jumuishi ambayo kwayo maganda na nyanya zilizooza hulundikwa, hupinduliwa zipate hewa, vijidudu vikala vikapandisha joto hadi nyuzi sitini, maji yakaondoka na mvuke, taka ikabaki kavu na nyepesi. Uzito utashuka kwa asilimia arobaini. Furaha ya wananchi itapanda kwa asilimia mia moja na kumi na nne. (Vicheko.) Wazo hili nililipata mwenyewe, nikioga.

Tazameni lundo hili nyuma yangu linavyofuka. Asubuhi nimeingiza mkono, nikautoa mbio. (Muuza mchicha: "Si nilikwambia uvae glavu, Mheshimiwa?") Asante mama, maswali mwishoni. (Muuza mchicha: "Basi hili la mwishoni nalitoa sasa. Za langoni zinakauka lini? Soko likifungwa wanangu watakula nini?") Swali zuri sana. Limepokelewa, litaundiwa kamati. (Miguno.)

Sasa tuitikie pamoja: Taka kavu, soko safi! Maendeleo yanafuka! (Kamati: "Yanafuka!")

Kwa kumalizia, nawashukuru wahandisi, ambao tutawaajiri. Namshukuru fundi aliyechora kibao cha mtambo, ambao utafuata. Na kwa namna ya pekee namshukuru mama huyu wa mchicha, aliyetuazima lundo lake la mboji kutoka bustanini kwake kwa ajili ya shughuli ya leo. Utepe ukishakatwa, tutamrudishia lote.

(Muuza mchicha, akishika koleo: "Usinirudishie, tutalichanganya na zile za langoni zipate joto upesi. Siku kumi zinatosha. Jamani, twendeni." Umati wote unamfuata. Kamati inabaki, inapiga makofi.)