Kutu ya Mayungiyungi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Mayungiyungi ya mama mkwe yana unga wa rangi ya chungwa kwenye majani. Aliyapanda marehemu baba mkwe. Mama kasafiri, kaniachia mimi niyatunze, mimi ambaye tangu harusi ananiita "yule kijana". Anarudi Jumapili. Mke wangu anasema hiyo ni kutu, ugonjwa wa mimea unaoambukiza, nikate majani yote hadi chini nikayachome. Nikate! Mama akute vipara? Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 5 Machi
Nimeyafuta majani yote kwa kitambaa kimoja. Hata mazima nimeyafuta, kinga ni bora kuliko tiba. Yanang'aa! Mke kauliza kama nayapiga kiwi.

Alhamisi, 7 Machi
Kutu kila mahali! Hata kwenye yale mazima. Kuna mkono wa mtu. Namshuku jirani, fundi cherehani mstaafu, ambaye mayungiyungi yake ni ya kijani bila haya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimeenda kwake na shati langu la bustani, nikayapapasa majani yake moja moja. Safi kabisa. Ndiyo maana namshuku.

Jumamosi, 9 Machi
Jirani amekuja juu. Maua yake yana kutu, eti mimi ndiye niliyempelekea. Nimempa pole, nikamsamehe. Sina muda wa ugomvi, mama anafika kesho. Nimekumbuka rangi ya geti iliyobaki. Kijani! Nimepaka jani kwa jani. Mgongo umekufa.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe alikwenda bustanini kabla hata ya kuvua viatu. Akashika jani. Kidole kikatoka kijani. Akakwangua, kikatoka chungwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Akauliza nani kapaka. Nikasema mimi, niliogopa asije akakuta kitu cha marehemu kimekufa. Akacheka hadi akashika kiuno, kisha akafuta machozi. Akaomba kisu, akakata yote hadi chini. Akasema marehemu naye alikuwa akiyakata hivyo hivyo, yatachipua tu. Akaniambia, mwanangu, kayachome haya majani.

Mwanangu! Nimelia jikoni, sioni aibu kusema.

Ila kuchoma majani mazuri namna ile ni hasara. Nimeyakatakata, nikayatandaza juu ya mashina yake yawe mbolea. Atafurahi! Kikapu kimoja nimempelekea jirani, tupatane.