Mama Viti na Programu ya Kuzima Wasemaji

Ilitangazwa rasmi, wafanyakazi wote wakiwa wamesimama, kwamba Mamlaka ya Uratibu wa Mikutano imeingia katika zama mpya. Kuanzia Jumatatu iliyofuata, kila ofisa wa makamo angefundishwa kuunda programu za kompyuta, kwa hiari yake mwenyewe, atake asitake. Atakayeshindwa angepumzishwa kwa heshima, yaani nyumbani kwake. Mkurugenzi Mkuu peke yake hakuhusika, kwa kuwa yeye aliijua kompyuta kwa mujibu wa wadhifa.

Tangazo lilimkuta Mama Viti ukumbini akipanga viti. Huyu alikuwa ofisa itifaki, na tangu usichana wake kazi yake ilikuwa kujua nani akae mbele ya nani, nani asalimie kwanza, na nani asiwekwe karibu na nani wasije wakarushiana maneno. Kazi hiyo aliijua nje ndani. Kompyuta aliijua kwa kuipangusa vumbi.

Jioni akamweleza mumewe, muuguzi, ambaye alikuwa ametoka zamu miguu ikimwaka moto.

"Baba watoto, wananirudisha shule."

"Kusomea nini?"

"Kuunda programu za kompyuta."

Mume akacheka mpaka akakohoa, kisha akaona mwenzake hacheki. "Nisamehe, mama. Unaogopa?"

"Naogopa aibu. Nikishindwa nitakuja kupanga viti hapa sebuleni."

"Vyenyewe viwili."

"Basi ujue hali ilivyo."

Mafunzo yalianza kwa kishindo. Kipindi cha kwanza kilitumika kumchagua mwenyekiti wa darasa, na cha pili kumtafutia makamu. Mkuu wa Usafirishaji alikataa kubonyeza kitufe chochote mpaka aelezwe nani atawajibika. Mkuu wa Mawasiliano alitanguliza kila amri kwa maneno "Kwa heshima na taadhima naomba", kompyuta ikakaa kimya, naye akawaambia wenzake kwamba ombi lake linashughulikiwa.

Mwalimu wao, bwana mmoja mpole aliyekuwa na mazoea ya kufuta miwani kila alipokata tamaa, akaeleza kwamba programu ni masharti tu: kama hivi, basi fanya vile, la sivyo, fanya vingine.

Mama Viti akainua kichwa. "Yaani kama balozi amefika kabla ya waziri, basi mpeleke chumba cha chai, la sivyo, mkaribishe kitini?"

"Ndivyo hasa, mama."

"Mbona hii kazi nimeifanya maisha yangu yote!"

Haikuwa rahisi kiasi hicho, hata hivyo. Bano moja alilolisahau lilimsumbua siku nzima, mpaka akajifungia msalani akalia, akanawa uso, akarudi. Lakini programu yake ya kwanza ilipofanya kazi na kumwandikia "Habari za asubuhi" kwenye kioo, Mama Viti alisimama wima na kuijibu, kama itifaki inavyotaka.

Ndipo Mkurugenzi Mkuu alipompa kazi ya kupimwa nayo. Wakuu wa idara walikuwa wanamchosha kwa hotuba ndefu. Alitaka programu itakayosikiliza kila msemaji, na atakayesema "kama nilivyotangulia kusema" kwa mara ya tatu, kipaza sauti kizimwe papo hapo. Programu ingezinduliwa mbele ya Waziri.

Mama Viti akaiunda, akaijaribu, ikakubali. Kisha uzoefu wake ukamsukuma aulize kwenye kamati: "Na Mkurugenzi Mkuu? Niandike kwamba sharti hili halimgusi?"



"Unataka kusema Mkurugenzi huwa anajirudia?" akauliza Mkuu wa Utumishi.

"Mimi sisemi kitu, bwana. Naulizia masharti."

Hapakuwa na wa kuunga mkono. Kumwondoa Mkurugenzi katika sharti ilikuwa ni kukiri kwamba anahitaji kuondolewa. Mwanasheria akashauri swali lenyewe lihesabiwe kuwa halikuulizwa. Mwishowe wakampelekea Mkurugenzi mwenyewe swali hilo.

"Mimi?" akasema Mkurugenzi Mkuu. "Nijirudie? Mimi? Mimi nijirudie?"

Wakampigia makofi, programu ikapitishwa kama ilivyo.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Mkurugenzi Mkuu akasimama, akamshukuru Waziri, akatangulia kusema, akasema kama alivyotangulia kusema, akasema tena.  Mkurugenzi akavuta pumzi. "Na kama nilivyotangulia kusema..."

Kipaza sauti kikazima, tii!

Midomo yake iliendelea kwenda kwa muda. Akakigonga kipaza sauti. Akamtazama fundi mitambo, naye fundi akatazama dari. Mama Viti tayari alikuwa anawaza avipange vipi vile viti viwili vya sebuleni kwake.

Waziri, mama mwenye haraka zake, akainuka akipiga makofi. "Mmeona? Amejitolea yeye mwenyewe ili tuone inavyofanya kazi! Kiongozi gani mwingine angekubali?" Akaagiza programu iwekwe katika kumbi zote za serikali, akakitupia jicho kile kipaza sauti, na hotuba yake iliyobaki akaimaliza kwa sentensi moja.

Kesho yake Mkurugenzi Mkuu akamwita Mama Viti ofisini.

"Kitoe hicho kitu."

"Nitakitoa, mzee. Nipe tu sababu ya kumweleza Waziri."

 Mkurugenzi akatazama dirishani. Simu ikalia, naye akaipokea akiwa bado anaitafuta sababu. Alikuwa Waziri. Moyo ule wa kujitolea ulikuwa umemgusa sana. Kuanzia wiki ijayo, Mkurugenzi Mkuu aingie darasani na kundi la wanaoanza, awe mfano kwa wakurugenzi wote. Atafundishwa na yule mama wa itifaki.

Akaingia. Akaandika amri yake ya kwanza kwa kidole kimoja, chenye pete, akabonyeza. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akainua mkono nusu.

"Mwalimu."

"Naam, mzee," akasema Mama Viti.

"Hii kompyuta inasema nimekosea."

"Ndiyo, mzee."

Mkurugenzi Mkuu akasogea karibu yake, akashusha sauti.

"Nani ameipa kibali?"