Spika ya Kwaya na Soketi Nyekundu

Leo uso wangu sijui niuweke wapi. Nimemaliza rozari nzima na hasira bado ipo. Naandika ili mlio katika kundi letu la simu mpate habari kutoka kwangu kabla hamjaipata sokoni (wengi wenu mmeshaisikia hewani, najua).

Mnafahamu kwamba kila wiki nafundisha dini katika redio yetu ndogo pale Nyamiaga. Leo nilifika mapema nikiwa na ile spika kubwa ya kwaya. Huku Mugoma umeme umekatika tangu jana, nikasema nitaichaji studio.

Soketi zote za ukutani zilikuwa zimejaa. Nikainama chini ya meza ya miksa, ile mashine inayokusanya sauti za maikrofoni kabla hazijakwenda hewani. Nikaona ina nyaya mbili za umeme. Mmoja umechomekwa kwenye ekstensheni ya umeme wa kawaida, wa pili kwenye soketi nyekundu ya betri za sola. Nikajiuliza, mashine moja inakulaje kwa midomo miwili? Hii ni tamaa. Nikauchomoa ule wa pili, nikauhamishia kwenye tundu lililobaki la ekstensheni ileile ya mwenzake, ambalo plagi nene ya spika ilikataa kuingia, na soketi nyekundu nikaipa spika. Deo, mtangazaji wa zamu, alinitazama akanyamaza. Taa mbili za miksa zikabaki za kijani. Nikamshukuru Mungu.

Saa tatu akaingia Angelina wa Kirushya, amefiwa na mama yake. Maziko yalikuwa kesho, lakini yamesogezwa hadi leo saa kumi kwa sababu paroko anasafiri. Mdogo wa Angelina, Yustina, yuko Nyakahura kule Biharamulo, na simu yake haipatikani.

"Ila matangazo ya asubuhi hayakosi," akasema. "Asiposikia sasa hivi, hatamzika mama."

Nikamwambia atulie, nitasoma mwenyewe. Nikafungua maikrofoni. "Tangazo la kifo. Ndugu Yustina, popote ulipo..."

Umeme ukakatika. Miksa ikafa. Taa zote mbili.

Nikapandwa na hasira (mimi, ninayefundisha watu uvumilivu). Fundi wetu, Leonida, akaja mbio nikamkutia mlangoni.

"Leonida, ulituambia mashine hii ina njia mbili za umeme, moja ikifa nyingine inabeba. Zimekufaje pamoja, kama mume na mke waliokula uyoga mbaya?"

"Ngoja nitazame, mwalimu."

"Utazame nini? Mama wa watu anazikwa leo."

Akaingia chini ya meza na tochi ya simu. Kisha akasema, "Njia zote mbili ziko kwenye ekstensheni moja. Kwenye betri kuna spika."

"Spika ya nani?"

"Imeandikwa Kwaya, Kigango cha Mugoma."

Nikamgeukia Deo. "Wewe uliniona. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuona, mwalimu. Lakini nani angechomoa kitu cha mzee?"

Leonida akaitoa spika, akaurudisha waya mahali pake. Miksa ikaanza kuwaka taratibu. Mimi sikunyamaza.

"Adabu gani hiyo? Mzee akitaka kukaa juu ya moto, mtamletea mto? Ndiyo, spika ni yangu, nimeichomeka mimi, sasa mnatakaje? Nina miaka sabini na moja, siulizwi habari za soketi kama mwizi wa ndizi!"

Deo akanyoosha kidole ukutani. Taa nyekundu ya hewani ilikuwa inawaka.

Leonida akaninong'oneza kwamba miksa ile ikiamka huanzia palepale ilipolalia. Ililala maikrofoni yangu ikiwa wazi. Na mtambo wa kurushia matangazo una betri zake, haukuzimika hata kidogo.

Nikakohoa. Nikasoma tangazo mara tatu, kwa sauti ya mtu anayeungama.

Saa tisa na nusu nilikuwa msibani. Yustina akashuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Akamlilia mama yake kwanza, kisha akaja kwangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kumbe ulilisikia tangazo?"

"Redio ilipokaa kimya nilitaka kuizima. Mara nikasikia mzee anagombana na watu juu ya soketi. Nikaongeza sauti."

Watu wakacheka, msibani. Hata Angelina.

Mungu ashukuriwe, mama yule amezikwa watoto wake wote wakiwepo. Leonida nimemwomba radhi. Deo nimemsamehe. Amebaki mzee mmoja wa Mugoma, yule mwenye spika, na huyo leo hata salamu simpi.